Ugoro Wodini

Puseletso alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi mjini Bloemfontein, mtu asiyejua kumnyima mtu kitu. Mama yao alipofariki, dada yake Matshediso ndiye aliyemlea. Kwa hiyo Matshediso alipokatwa titi kwa saratani, Puseletso alifunga duka akamuuguza.

Baadaye Daktari Moerane akasema angeweza kumtengenezea titi jingine kwa nyama ya tumbo lake mwenyewe.

"Lakini tumbaku marufuku, mama. Sigara, ugoro, vyote vinabana mishipa. Nyama nikiihamisha ikakosa damu, inakufa. Uache sasa, na usiguse mpaka nikuruhusu."

Matshediso, aliyevuta ugoro tangu ujana, alitupa mkebe wake chooni. Akawa mkali kama pilipili, lakini hakugusa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wauguzi walipita usiku na mchana wakiligusa lile titi kuona kama lina joto. Kesho yake Matshediso akamshika mdogo wake mkono.

"Kichwa kinapasuka. Niletee ugoro kidogo tu, ninuse."

"Dada, si umemsikia daktari?"

"Daktari ndiye aliyekubeba mgongoni? Kidogo, mwanangu. Nani atajua?"

Puseletso akashuka kwa mama muuza karanga nje ya lango la hospitali, akanunua. Akampa. Jioni akampa tena.

Kulipokucha titi lilikuwa limegeuka rangi ya zambarau. Matshediso akarudishwa mbiombio chumba cha upasuaji. Puseletso alibaki kwenye benchi, vidole vikinuka ugoro. Alinawa kwa sabuni, harufu ikagoma kutoka.

Daktari alipotoka, uso ulikuwa umemchoka. "Damu iliganda mshipani. Nimeokoa sehemu kubwa, ila pembeni nyama imekufa. Alitumia tumbaku?"

Puseletso akavitazama vidole vyake. "Nilimpa mimi, daktari. Ugoro."

Daktari akaketi kando yake. "Damu huganda hata kwa asiyevuta. Siwezi kuapa kuwa ni ugoro. Wala siwezi kuapa kuwa siyo."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtesa. Angeambiwa kosa ni lake, angelia yakaisha. Sasa alilala nayo na kuamka nayo.

Matshediso alipona, titi likabaki na kovu na kibonde upande mmoja.

"Acha kujitafuna," alimwambia. "Aliyeomba ni mimi."

Puseletso akamshonea sidiria yenye pamba upande ule. Alishona, akafumua, akashona upya. Matshediso alipoivaa akasema imemkaa sawasawa, na mdogo wake akageukia dirishani, asionekane uso.