Miaka Miwili Nyuma ya Pazia

Kama mnataka kusikia uzuri wa klabu ya wazungu hapa Eldoret, msiniulize mimi. Uzuri wameshauandika wenyewe. Mimi nitawaambia habari za mume wangu, Nicanor Wangila, aliyetoka Kimilili mwaka wa thelathini na tisa akaajiriwa hapo kung'arisha sakafu ya dansi.

Wakati wa vita waliletwa mateka Waitaliano kufanya kazi mashambani. Mmoja wao, Gino, alijua saksafoni, basi klabu ikamchukua awapigie jazi kila Jumapili alasiri. Lakini eti mateka hawezi kukaa mbele ya mabibi wa watu, kwa hivyo wakatundika pazia kwenye kona, akawa anapiga akiwa nyuma yake. Wachezaji hawakumjua uso. Nicanor ndiye alimpelekea chai, na Gino, maskini, hakuwa na maringo. Alimfundisha mume wangu mpaka vidole vikajua njia vyenyewe.

Mwaka wa arobaini na sita Gino akarudishwa kwao. Katibu wa klabu, mzungu tuliyemwita Bwana Kiko kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni, hakutaka dansi ife. Akamwita Nicanor.

"Wewe utapiga. Usiambie mtu. Ukimaliza miaka miwili, hii saksafoni ni yako."

Nicanor alikuja nyumbani akicheka peke yake. "Mama Musimbi," akaniambia, "nikipata hii kitu naanzisha bendi yetu huku lokesheni, mtaani kwetu Waafrika. Watu wetu pia wana miguu."

Nikamuuliza, "Na karatasi ya hayo maneno iko wapi?" Akaninunia siku mbili.

Basi akapiga. Mimi nilikuwa yaya, nakaa na watoto wao kwenye veranda. Kila Jumapili nasikia mume wangu anapiga, halafu mabibi wanapiga makofi wakimshangilia Gino. Gino yupi, na amevuka bahari zamani? Siku moja nilikasirika mpaka nikamfinya mtoto wa watu, Mungu anisamehe.

Miaka miwili ikaisha. Nicanor akavaa shati safi, akaenda kwa Bwana Kiko kudai chombo chake. Kiko akamtazama kama hamjui.

"Nikupe kwa kazi gani? Uliza yeyote hapa ni nani anapiga muziki. Watakuambia ni Gino."

Jumapili iliyofuata, katikati ya wimbo, Nicanor akasukuma pazia akatoka, anapiga huku anatembea, mpaka katikati ya ile sakafu aliyoing'arisha mwenyewe. Watu wakaacha kucheza. Nilikuwa dirishani na mtoto mgongoni, nikasema moyoni, leo wamemwona. Wapi. Walimtazama mara moja tu, kisha wote wakageukia ile kona, wakimtafuta Gino. Bibi mmoja akauliza kwa nini boi ameachiwa achezee vitu vya watu. Kiko akaja akaipokonya saksafoni kutoka mdomoni mwake, mdomo ukapasuka.

Alifukuzwa papo hapo, na barua aliyopewa ilisema ni mwizi. Akiwa na barua kama hiyo, nani angemwandika kazi hapa mjini? Alienda kupasua mbao Ainabkoi, na huko ndiko alikofia. Bendi hakuanzisha. Hata kupiga mluzi aliacha, na mimi nilizoea kumsikia akipiga mluzi kila asubuhi.

Juzi nilienda klabuni na Musimbi kuomba kazi ya kufua. Tukingoja mlangoni, nikaiona saksafoni imetundikwa ukutani, na chini yake kibao cha shaba. Musimbi amesoma, akanisomea: "Kwa kumbukumbu ya Gino, aliyetupigia muziki tangu 1943 hadi 1948."

Nikamwambia asome tena. Akasoma vilevile. Gino alipanda treni mwaka wa arobaini na sita, mimi mwenyewe nilimfungia mahindi ya njiani. Hiyo miaka miwili ya mwisho ni ya baba yake Musimbi, na wamempa mtu ambaye hakuwepo.