Mihogo ya Binti wa Kitabuni

Nikiwa mtoto niliwahi kumpelekea chakula mtu wa kwenye riwaya. Juzi nimeiona riwaya yenyewe sokoni Kasulu, juu ya gunia, nikacheka peke yangu. Shangazi alitusomea kwa sauti tukipukuchua maharage: binti mtoro wa zama za Mwami, mfalme wetu wa kale, kajificha migombani, njaa inammaliza. Upepo ukatikisa migomba nyuma ya nyumba, nikajua yumo. Niliogopa atakufa kabla ya sura ya kesho. Nikabeba mihogo ya kuchoma, bado inanukia moshi, nikapiga magoti na makofi kama tunavyosalimia wakubwa.

Jirani yetu, Mama Bukuru, akanikuta hapo. Shangazi akacheka mlangoni: “Mwambie huyo katungwa.”

Mama Bukuru hakucheka. “Binti katungwa. Njaa ile haikutungwa, ilimuua bibi yangu. Acha mihogo hapo.”