Wimbo wa Punda Kwenye Banda la Video

Kile kitabu cha watoto nilikipata kidato cha kwanza, kwenye sanduku la vitabu vya msaada, na sikukirudisha. Kinahusu msichana anayewashonea wanyama kofia, na punda ambaye masikio yake hayatoshei kofia yoyote, basi anaimba. Maneno ya wimbo yalikuwemo, sauti yake hapana. Nikaibuni mwenyewe. Binti yangu, sasa ana miaka sita, amelala kwa wimbo huo tangu azaliwe.

Ndiyo maana nilipoona pale senta ya Matete bango lenye msichana yule yule na kofia zake, sinema ya zamani ya nyimbo, Jumamosi mchana, sikuuliza mtu ruhusa. Mama mkwe alisema banda la video ni la wavivu. Nikamjibu kwamba siku hiyo wavivu wataongezeka wawili.

Kwenye mabanda yetu sinema haisemi yenyewe. Kuna dijei na maikrofoni, anaigeuza Kiswahili papo hapo na kutia vichekesho vyake. Huyu alikuwa hodari, sikatai. Lakini kila wimbo ulipoanza aliupeleka mbele, akisema hapo wanaimba tu, hakuna kitu. Watu wakacheka. Baada ya wimbo wa tatu binti yangu akaninong'oneza: je, punda naye ataachwa?

Punda akatokea, akafungua mdomo, akaachwa.

Nilikwenda nikasimama mbele ya skrini.

"Mama, toka hapo," dijei akasema kwa maikrofoni. "Wewe si kioo."

"Rudisha wimbo."

"Siste, nyimbo tunarukanga. Watu wamekuja kuona stori."

"Wimbo ndio stori. Rudisha, halafu unyamaze."

Mwanamume mmoja akaniambia niende nikapike. Nikamwambia mkewe lazima anapumzika vizuri sana mumewe akiwa huku. Hapo kicheko kikahamia kwake, na mwuza njugu mlangoni akamwambia dijei aucheze tu huo wimbo, tumalize.

Akaurudisha. Akanyamaza.

Haukuwa wimbo wangu. Wangu ni wa polepole. Ule ulikimbia, tarumbeta juu ya tarumbeta, kama gwaride la polisi. Nilikuwa nimesimamisha banda zima kwa ajili ya wimbo nisioujua. Nikarudi kwenye benchi, shingo inawaka.

Binti yangu alikuwa amekunja uso.

"Mama, huyu punda amekosea."

"Sana," nikamwambia.

Sijamrekebisha mpaka leo, na sina mpango.