Mshenga Ndani ya Tyubu

Asubuhi ile fundi wa protini aliingia maabara bila kuisalimu hata friji, na wenzake wakatazamana, kwa sababu friji ndiyo pekee aliyokuwa bado anaisalimu. Walimwita Dada Barafu kwa kuwa kazi yake hukaa kwenye ndoo ya barafu. Siku hizi jina lilikuwa limehama kutoka kwenye ndoo hadi usoni.

Sababu ilijulikana. Ni yeye aliyemshika mkono mdogo wake wa kiume, mtu asiyenunua soksi bila ushauri, akampeleka kwa binti wa meza ya jirani, hapo hapo maabara. Alipeleka maneno, akarudisha majibu, akatuliza wazazi wa pande zote mbili. Ndoa ikafungwa. Mtoto akazaliwa. Na shangazi mtu aliambiwa na nani? Na mlinzi wa getini, aliyempa hongera huku akimpekua mkoba.

Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka kitu kimoja tu: aitwe, aende akamshike mtoto.

Sasa likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, na wifi yake akaja na tyubu mkononi.

Protini waliyoitengeneza ilikuwa kaidi. Ikiumbwa nzima ndani ya bakteria, inawaua kabla hawajaimaliza. Kwa hiyo iligawanywa: Dada Barafu alikuza nusu ya kushoto katika chupa zake, wifi yake ya kulia katika zake. Penye ncha ya kuungia, kila nusu ilishonewa kipande cha inteini, protini ndogo inayojua kujikata yenyewe. Vipande hivyo viwili vikikutana hukumbatiana, hujikunja kuwa kitu kimoja, huikabidhi nusu ya kushoto kwa ya kulia, kisha inteini hujikata ikatoka. Protini hubaki nzima, bila hata kovu.

Inteini hiyo maabara yote iliiita mshenga. Siku ya harusi mkuu wa maabara alisimama na bilauri yake akasema, "Mshenga mwema ni kama inteini. Akishaunganisha, hujitoa." Watu wakacheka. Dada Barafu alicheka kuliko wote. Tangu siku ya mlinzi, alitamani kile kicheko arudishiwe.

"Habari za asubuhi, wifi," alisema mke wa mdogo wake. "Nimeleta nusu yangu."

"Weka hapo. Afadhali hii imeletwa. Mambo mengine nayasikia getini."

"Mtoto alizaliwa anaumwa. Tukasema akipata nafuu ndipo..."

"Mkasema na nani?"

"Na mdogo wako."

"Huyo hasemi mpaka afundishwe. Nilimfundisha mimi."

Wifi yake akaiweka tyubu mezani. Dada Barafu akachanganya nusu mbili, akachukua ile dawa ya salfa inayonuka kama yai viza. Dawa hiyo hutiwa kidogo sana, iiweke inteini macho. Ikizidi, hujipenyeza katikati na kuibandua nusu ya kushoto kabla haijakabidhiwa. Kila mgeni wa maabara ameimbiwa wimbo huo na Dada Barafu mwenyewe. Lakini siku hiyo alitia dawa, akamjibu mdogo wake kimoyomoyo, akamjibu vizuri zaidi, akatia tena.

Mchana jeli inayopanga protini kwa ukubwa ilipotoka kwenye rangi, palipotakiwa mstari mmoja mnene kwa juu, wa protini nzima, hapakuwa na kitu. Chini ilijipanga mistari ya vipande.

"Umetia mara mbili," alisema wifi yake.

"Nimetia."

"Imekatika kabla haijaungana."

"Naona. Sijapofuka."

Mkuu wa maabara, ambaye pua yake huja na habari mbaya au huifuata, akachungulia mlangoni. "Vipi, mshenga kajitoa?"

"Mzee, msemo huo uuache," alisema Dada Barafu, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Mshenga haendi popote. Akishajikata anabaki humo humo kwenye tyubu, anaelea, mpaka mtu amwoshe na kummwaga sinkini. Ninayemwosha ni mimi."

Mkuu akakumbuka shughuli ofisini kwake.

Wifi yake alibaki akiitazama jeli muda mrefu kuliko jeli ilivyostahili. "Nimebakiza nusu yangu kwenye barafu," alisema.

"Hata mimi."

"Tuchanganye kesho?"

"Tuchanganye. Dawa utatia wewe."

"Na Jumamosi tuko nyumbani, wote watatu."

"Ninaitwa, au nasomewa taarifa ya habari?"

"Unaitwa, wifi. Njoo umshike. Tumekosa."

"Nitakuja. Mwambie mumeo nikishakaa sitaaga mapema."

Kisha Dada Barafu akaisugua tyubu kwa hasira ile ile ya asubuhi. Hasira ilikuwa bado ya moto, naye hakulelewa kuacha kitu kizuri kipoe bure.