Mzee wa Tiketi na Mkamwana Wake

“Umesikia, mama Lusia? Mzee Asukile kamnyima tiketi mkamwana wake mwenyewe! Kamfukuza mlangoni watu wanaona, mtoto wa watu kakimbia analia.”

Jirani yangu Esta aliniletea habari hiyo akiwa na ndoo ya maji kichwani, wala hakuitua. Esta ni mtu wa Iringa, ameolewa na mtu wa kwao, wamehamia hapa Mbeya juzijuzi tu, na akisimulia jambo hulisimulia kama alikuwapo.

“Nani kakwambia?” nikamwuliza.

“Sokoni kote ndiyo habari. Ninyi Wanyakyusa mna roho ngumu. Mimi baba mkwe wangu alinisindikiza mpaka kwenye basi, kanibebea na kikapu.”

Nilicheka, lakini si sana. Jumamosi ile nilikuwa mlangoni pa ukumbi, nyuma kidogo ya Damari, mkamwana huyo huyo, na niliona yaliyotokea.

Mzee Asukile ndiye aliyeuza tiketi za michezo ya kuigiza katika ukumbi wa Welfare, na ndiye aliyesimama mlangoni kuzipokea. Ukumbi ule ulikuwa mdogo na watu walikuwa wengi, hasa mwaka huo wa 1956, maana walimu na makarani walikuwa wameshika sana mambo ya vichekesho. Siku ya kuuza tiketi, wanawake tulikuwa na desturi yetu: unaweka kikapu chako kwenye foleni chini ya dirisha, kisha unakwenda shambani. Asukile aliviheshimu vikapu vile kama watu. Mwanamume akikiruka kikapu, mzee humwambia taratibu, “Baba, huyu dada alikutangulia,” na kumbe dada mwenyewe yuko juu mlimani Loleza anapalilia viazi.

Ndani ya ukumbi ndiko kazi yake ilikuwa ngumu. Watu wetu walikuwa hawajazoea kukaa kimya mtu akisema mbele yao. Waliwajibu waigizaji, waliwaonya, wengine walirusha maganda ya karanga. Siku moja mlevi wa kwenye mchezo aliinua fimbo ampige mkewe. Jailos, yule muuza ng’ombe, akapanda jukwaani akaishika ile fimbo.

“Jailos,” Asukile alimwambia, naye amekwisha panda nyuma yake, “huyu si mke. Ni karani wa posta, kavaa gauni.”

“Hata kama! Mbona analia?”

Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Asukile hakumtoa nje. Alimshika mkono, akamrudisha kwenye benchi, akakaa naye bega kwa bega mpaka mwisho, na kila fimbo ilipoinuliwa alimgusa goti. Hivyo ndivyo alivyofanya na kila mpiga kelele. Alikwenda kukaa naye.

Sasa habari ya Damari. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hataji jina lake, hapiti alipo, na akimwona njiani huingia porini mpaka apite. Siku hizi wengine wetu wa kanisani tumelegeza, lakini nyumba ya Asukile inashika sana. Jumamosi ile Damari aliambiwa kwamba mzee ana homa, amelala, mlangoni atakaa mtu mwingine. Akaja na tiketi aliyonunuliwa na shoga yake, ameinamisha kichwa kwa haya ya ugeni. Kumbe homa ilikuwa imemwachia mzee na amekuja kazini. Naye alitazama tiketi, hakutazama uso. Akaipokea, akasema, “Karibu, mama.”

Damari aliijua sauti ile, maana ndiyo aliyoisikia kila siku nyuma ya ukuta. Alijifunika khanga uso mzima akageuka mbio, akapita juu ya sinia za wauza karanga. Mzee naye aligeukia ukutani, tiketi bado mkononi. Asiyejua desturi aliona mzee kashika tiketi na binti anakimbia. Angefikiri nini kingine?

Nilimweleza Esta yote hayo. Safari hii aliitua ndoo.

“Basi atafanyaje?” akasema. “Si kikundi cha Iringa kinakuja Jumamosi? Na Fanueli yumo!”

Hilo ndilo lililokuwa linanisumbua hata mimi. Fanueli ni mume wa Damari, mwana wa Asukile, naye alikuwa anafundisha Iringa. Damari alibaki Mbeya kulima na kumsaidia mama mkwe. Kikundi chao kilikuwa kinakuja na lori kucheza alasiri moja tu, kisha kesho yake alfajiri lianze safari ya kurudi, maana barabara ya Nyololo ilikuwa tope na shule zilikuwa wazi. Fanueli alikuwa anacheza mke mgomvi. Gauni la kuchezea alilishona Damari mwenyewe, lina maua mekundu, akampelekea kwa basi. Mji mzima ungeliona gauni lile jukwaani. Aliyelishona asingeliona, kwa kuwa ukumbi una mlango mmoja, na mlangoni amesimama baba mkwe.

Siku ya kuuza tiketi nilimkuta Damari kisimani, nikamwuliza kama nimchukulie.

“Ya nini, dada? Nitapita wapi, dirishani?” Akacheka. Kisha akaendelea kuteka maji ingawa mtungi ulikwisha jaa, yanamwagika miguuni.

Nilikwenda kwenye dirisha na mwanangu Lusia mgongoni. Wanaume nyuma yangu walikuwa wanamtania mzee.

“Asukile! Leo mkamwana hafukuzwi?”

“Mzee, Jumamosi jifunike blanketi basi, mwenzio apite!”

Mzee alinipa tiketi yangu na kunishukuru kwa Kinyakyusa, polepole, “Ndaga. Nisubiri barazani, mwanangu.”

Nilikaa barazani nikamnyonyesha Lusia mpaka foleni ikaisha. Mzee akatoka, akaketi mbali kidogo nami, akaitazama Loleza juu huko ilikofunikwa na ukungu.

“Wanasema nimemfukuza,” akaanza.

“Mimi nilikuwapo, baba. Najua hukumfukuza.”

“Yeye anajua?”

“Anajua. Anaona aibu tu.”

Nilimwona mtu mzima anayejua kunyamazisha ukumbi mzima, na hapa hakujua aanzie wapi. Halafu akatoa mfukoni tiketi moja. Ilikuwa imekunjwa pembeni, nikaijua. Ndiyo ile aliyoipokea Jumamosi.

“Hii ililipiwa, haikutumika. Nitamwambia mwalimu anayeongoza kikundi, ataikubali. Mpe. Usimwambie imetoka kwangu, mwambie imetoka ukumbini.”

“Lakini mlango, baba?”

“Mlangoni sitakuwapo.”

Nikashtuka. “Watu wataingia bure! Ukimweka kijana mwingine, ataingiza rafiki zake wote.”

“Ndiyo sababu simweki kijana. Tena wanaume wote hapa wana wakwe zao mjini. Atapita mama mkwe wa mtu, mshika mlango atakimbia, na mlango utabaki wazi.” Akatabasamu kidogo. “Wewe wakwe zako wako Tukuyu. Hapa mjini huna wa kumkimbia. Utasimama, utamtazama kila mtu usoni.”

“Mimi? Mwanamke, na mtoto mgongoni?”

“Mtoto mgongoni ni vizuri. Nani atamsukuma mwenye mtoto?”

“Na wakipiga kelele ndani? Jailos akipanda tena?”

“Kaa naye. Usimkemee. Mguse goti … ah, hapana, wewe usimguse. Mpe Lusia ampakate. Mtu aliyepakata mtoto hapandi jukwaani.”

Tulicheka wote wawili, na Lusia akaacha ziwa kututazama. Niliwaza mume wangu Gideoni atasema nini, na wale watani wa foleni watasema nini. Kisha nikamkumbuka Damari kisimani, maji yanamwagika. Nikasema nitasimama.

“Wewe utakuwa wapi, baba? Chumba cha tiketi kina ufa, unaweza kuchungulia.”

“Hapana. Nikichungulia na yeye yumo, nitakuwa nimeingia alimo. Nitakwenda nyumbani.”

Hapo ndipo nilipofahamu. Fanueli alikuwa mwanawe wa pekee aliyebaki hai, na mzee hakuwahi hata mara moja kumwona akicheza. Miaka yote ile alikuwa amewafungulia mlango watoto wa wenzake.

Alisimama, akapangusa vumbi la baraza kwenye suruali yake. Alikwenda hatua chache, akarudi.

“Mama Lusia.”

“Naam, baba.”

“Jumapili mkitoka ibadani, usiende moja kwa moja nyumbani. Pitia kwangu, unisimulie. Anza pale anapoingia. Na usiruke mahali watu walipocheka.”