Kidonge Kimoja kwa Ndoo

Mafuriko yalipomtoa mama yangu kijijini Chara, nilimleta kwangu Garsen. Alikaa akitazama ukuta. Chakula alinusa tu, kisha akasukuma sahani. Mimi nina mdomo, najua; nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamtania kwamba ataniaibisha kwa majirani. Wapi! Nguo zikaanza kumpwaya.

Ndipo nikaagiza Malindi tangi la kioo, la kama ndoo tatu za maji, na samaki mmoja wa dhahabu. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu aje.

"Samaki wa kutazamwa! Makubwa! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe atalishika na nini?"

Lakini alisogeza kiti karibu na kioo. Kila nikimtilia samaki chakula, naye alimega ugali wake, akala akimtazama. Nilifurahi, na wivu pia nilikuwa nao. Mimi mwanawe nimeshindwa, kimeweza kisamaki kama kidole.

Wiki haijaisha, samaki akaugua. Alihema juu ya maji, mapezi yamegandama mwilini. Nilimpigia muuzaji simu. Akasema tangi jipya lina matata yake, nibadilishe nusu ya maji, ila ya bomba yalale kwanza siku mbili kwenye beseni, dawa iliyomo itoke, maana humdhuru samaki. Nikayalaza. Nikabadilisha. Nikatia na chumvi kidogo. Asubuhi nilimwacha ana nafuu, nikirudi kutoka kazini mchana namkuta amelala ubavu.

Mama akaacha tena kula. "Mgonjwa hali, mimi nitakulaje?"

Niliogopa sana. Nilimwombea samaki kwa Mungu, na sioni haya kusema hivyo.

Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba nikifundisha watu kujikinga na kipindupindu. Tangu maji yajae, wimbo wangu ni huo huo: kila chombo cha maji kitiwe dawa, kidonge kimoja kwa ndoo. Asubuhi moja nilisahau nyumbani mfuko wangu wa vidonge, nikaurudia. Nilimkuta mama ameupakata, anadondosha vidonge kwenye tangi. Kimoja. Cha pili. Cha tatu.

"Mama! Kumbe ni wewe unayemuua!"

Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia. Mama hakujitetea. Alisema taratibu, "Kila siku nilikuwa nampa kipande tu, kwa vile ni mdogo. Leo nimeona amezidiwa." Kisha akasema, "Ndugu yako nilimpa maji bila dawa."

Ndugu yangu mdogo alikufa kwa kipindupindu, katika mafuriko ya utotoni mwetu. Mama hakuwa amemtaja miaka yote hiyo. Nilichota samaki kwa bakuli, nikamhamishia kwenye maji ya beseni, lakini kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Nilimwomba mama radhi, nikapiga magoti kabisa. Akaniambia, "Yameisha, mwanangu."

Hayajaisha. Tangi nimeligawa. Vijiko viwili vitatu vya uji anameza, kwa kuwa namlisha mwenyewe. Ila pipa la maji halisogelei. Kikombe chake hukaa kikavu kutwa nzima, naye midomo imempasuka, ananingoja mimi nirudi kutoka kazini nimchotee. Nikamuuliza, kwani mkono unauma?

"Hauumi," akasema. "Naogopa nisije nikayaharibu, ukanywa."