Maji Niliyoandika Kuwa Safi

Sauti ya bati likiburutwa juu ya saruji haijanitoka masikioni. Krrr, halafu kimya, halafu ndoo inagonga maji. Ni bati linalofunika kisima cha jirani, nyuma ya ukuta wa ofisi yangu, na kila lilipoburutwa nilijua kuna mtu anakwenda kunywa.

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, nimesoma hadi chuo kikuu, naishi hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Mimi ni katibu wa chama cha wauzaji wa mafuta ya magari. Prezida wa chama ni mjomba wangu, kaka wa mama, aliyenilea na kunisomesha baada ya baba kufariki. Ofisi yetu iko ndani ya kituo chake cha mafuta.

Mwaka huu ulitutesa. Malori yalilala mpakani yakisubiri karatasi, bei ilipangwa bila sisi kuulizwa, na kila idara ilikuja na fomu yake. Mwishowe idara ya mazingira ikataka maji ya kisima kilicho karibu na kila kituo yapimwe. Wanachama hawakutaka maofisa wazunguke kwenye nyua zao, wakaomba chama kikusanye maji chenyewe. Idara ikakubali. Kazi nikapewa mimi.

Mjomba aliniita pembeni. "Ya kwetu, utachota kwa robine ya nyumbani."

Nilimuuliza kwa nini, ingawa nilijua. Kila asubuhi pompisti, kijana anayejaza magari mafuta, hupima kwa fimbo ndefu tanki lililozikwa chini ya kituo, na kwa muda mrefu fimbo ilionyesha mafuta pungufu kuliko yaliyoachwa jioni. Tanki lilikuwa linavuja.

"Weye chota tu," alisema. "Mvua ikipita tutachimbua tanki. Bakifunga kituo sasa, hawa bote nitabapeleka wapi?" Aliwaonyesha wafanyakazi kwa kidevu.

Nilichota kwenye bomba la nyumbani. Kwenye karatasi ya chupa niliandika kwa mkono wangu: kisima, nyuma ya kituo. Matokeo yakarudi mazuri. Katika ripoti ya mwaka niliandika sentensi ambayo, nakiri, niliipenda kwa jinsi ilivyokaa: visima vyote jirani na vituo vya wanachama vimepimwa na maji yake ni safi. Niliisoma mbele ya mkutano mkuu, wakapiga makofi. Mjomba akasema, "Munaona? Masomo haiko bure."

Mvua ilipita. Hakuna kilichochimbuliwa.

Mwenye kisima nitamwita Mama Zawadi, si jina lake. Siku moja aliingia kituoni na bidoni, dumu lake la njano, mkononi, mjukuu wake akimfuata. Kwetu maji hubebwa kwa bidoni zilizowahi kubeba mafuta, kwa hiyo maji yakinuka, inayolaumiwa ni bidoni.

"Batoto, munisaidie na bidoni moja ya propre, haina harufu," alisema. "Hii iko ya tatu. Nimeisugua na muchanga, na majivu, na sabuni. Bado inanuka."

Pompisti akacheka. "Mama, unatafuta bidoni ya propre kwa siye? Hapa hata chai yetu inanuka mazutu!"

"Basi nitahamia hapa, nikunywe chai yenu. Iko sawa na maji yangu." Akamgeukia mjukuu. "Huyu nimemuchapa mara mbili juu ya kuleta bidoni ya mafuta. Analia, anasema haiko yeye. Mutoto wa kubisha!"

Yule msichana, labda wa miaka minane, alikuwa anaangalia viatu vyangu.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilianza barua nikaziacha. Nilifunga dirisha, nikalifungua, nikalifunga tena. Krrr. Nilihesabu ndoo hadi nikajichukia kwa kuhesabu badala ya kutoka nje.

Nilimwendea mjomba. "Tumwambie Mama Zawadi aache kuchota."

"Tumwambie nini? Prezida wa chama ndiye anamunywesha mafuta?"

"Basi nitamwambia mimi."

Alicheka kidogo, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Na ile chupa ya idara? Iko mwandiko ya nani, mama?"

Jumatatu nilipita nyuma ya ukuta na chupa tupu. Nilimwomba Mama Zawadi ruhusa, nikachota, kisha nikamwambia yote, bati likiwa bado wazi. Alisikiliza akiwa ameshika kamba.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na kila asubuhi ulikuwa unanisalimia."

Hakunitukana. Alimwita mjukuu wake, akakishika kichwa chake akakikandamiza tumboni mwake, muda mrefu. Halafu akarudisha bati mahali pake.

Ndugu zangu, mama amenipigia simu akilia kwamba nimemuuza kaka yake, mtu aliyetulisha. Nimetoka nyumbani kwa mjomba, nalala kwa rafiki niliyesoma naye. Wafanyakazi wale hawana kosa, na kituo kikifungwa sijui watoto wao watakula nini. Sijaacha kumpenda mjomba, na sijui kama nina haki ya kusema hivyo. Nishaurini: nirudi nyumbani nipige magoti, au nisubiri waniite? Na mama nimwambie nini?

Ila kuhusu chupa msinishauri. Jumatatu ileile niliipeleka idara ya mazingira, pamoja na barua inayosema kwamba maji ya kwanza yalitoka kwenye robine yetu. Ofisa alinipa karatasi ya kubandika, akauliza nani amechota. Niliandika jina langu lote, kwa mwandiko uleule.